Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kinga Iliyokosa wa Kuizuia

Ndugu wanachama,

Swali lililojirudia katika vikao vyetu mwaka huu, kwa wagonjwa na kwa ndugu wanaowauguza, ni hili: ikiwa MS (multiple sclerosis, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo) ni ugonjwa wa kinga, mbona daktari anatoa dawa za kuishusha? Nimeona taarifa yangu ijikite hapo. Habari za ada atazisoma mweka hazina.

Kinga ya mwenye MS haijapungua, bali imekosa wa kuizuia. Kila mtu, hata mzima, ana seli T, yaani chembe nyeupe za damu za kinga, zinazoweza kuushambulia mwili wake mwenyewe, ukiwamo utando wa mafuta unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Zinazozituliza ni seli dhibiti, ambazo Shimon Sakaguchi wa Japani alizibainisha mwaka 1995, akaja kupata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025 pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani.

Mwaka 2004, kundi la mtafiti David Hafler huko Boston, Marekani, lilitenga seli dhibiti kutoka damu ya wagonjwa wa MS na ya watu wenye afya, kisha likaziweka chombo kimoja na seli T nyingine zilizochokozwa ili zizaliane. Za wenye afya zilikomesha kuzaliana huko. Za wagonjwa zilizuia kwa udhaifu mkubwa, ingawa idadi yake katika damu haikuwa pungufu. Ni kama walinzi ambao wote wameripoti zamu, ila wezi wanawapita mlangoni. Tafiti za baadaye zimeongeza kwamba, kwa baadhi ya wagonjwa, seli zinazoshambulia nazo hukaidi kuzuiwa.

Nayasema haya kwa sababu mwanachama mmoja alileta ofisini mfuko wa unga wa kijani, wa bei ya kuumiza, ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba "huongeza kinga mara dufu", naye alikuwa ameshaacha sindano zake kwa miezi miwili akiutumaini. Sisemi unga ule una sumu, maana hatukuupima. Nasema ahadi yake, hata ingekuwa kweli, imeelekezwa kusiko.

Kwa hiyo kamati imeamua kwamba matangazo ya dawa za kuongeza kinga hayatapitishwa tena katika kundi letu la WhatsApp, na kwamba mwanachama anayetaka kuacha au kubadili dawa aonane kwanza na daktari wake wa neva. Asiyeridhika na uamuzi huu alete hoja yake kwa katibu kabla ya mkutano mkuu, nasi tutaijadili.