Mkasi butu unaiua mimea tunayolipwa kuitunza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoendesha kazi za kutengeneza na kutunza bustani, hasa wanaonunua zana kwa kuangalia bei peke yake. Mmea ukianza kukauka matawi baada ya kupogolewa, lawama hupewa mbolea, jua au kijana aliyeupogoa. Mara nyingi wa kulaumiwa ni mkasi aliopewa.

Mkasi unaofaa kwa matawi mabichi una bapa moja lenye makali, linalopita kando ya taya nene isiyokata. Chuma kikiwa laini makali hupotea upesi, na bolti ya katikati ikilegea nafasi huachwa kati ya bapa na taya. Tawi hujikunja humo, gome linachanika. Jeraha la namna hiyo huchelewa kuziba, na kuvu na bakteria hupata pa kuingilia. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua mkasi uutikise kwa pembeni. Ukicheza kwenye bolti, uache dukani. Uliza pia kama bapa na springi vinauzwa peke yake. Mkasi usio na vipuri hutupwa mzima kwa sababu ya springi moja iliyokatika, na hapo urahisi wa bei umekwisha.

Hata mkasi bora una mpaka wake. Tawi lenye unene wa hadi sentimita 2 hivi ni la mkasi wa mkono. Likizidi hapo, tumia mkasi wa mipini mirefu, na kuanzia sentimita 4 au 5 chukua msumeno wa kupogolea. Mfanyakazi aliyepewa mkasi mmoja tu kwa kazi zote ataulazimisha, ataunyonga huku na huku, na bolti italegea.

Mashine ya kukatia nyasi nayo husahauliwa. Bapa butu haikati nyasi, huzirarua, na baada ya siku moja au mbili ncha hugeuka nyeupe au kahawia. Watu huzimwagilia maji wakidhani ni kiu! Noa kila baada ya saa 20 hadi 25 za kazi, na mapema zaidi penye mchanga au mawe. Kwanza chomoa waya wa plagi ya injini, bila kukosa. Fuata mteremko wa makali ulivyotoka kiwandani, kisha ning'iniza bapa kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ni mzito, upunguze kwa tupa. Ukiuacha, mashine itatetemeka na beringi zitalika.

Kwa beleshi, tazama shingo: iliyofuliwa pamoja na bapa kwa chuma kimoja hudumu kuliko bati lililokunjwa.

Kutoka mti mmoja hadi mwingine, hasa palipo na ugonjwa, futa utomvu na upanguse makali kwa spiriti ya asilimia 70. Dawa ya klorini huua vimelea lakini hula chuma. Ukiitumia, suuza, kausha, paka mafuta.

Yote haya yanahitaji muda ambao mikataba mingi ya bustani haiutaji wala kuulipia, ndiyo maana haunolewi mkasi hata mmoja. Wenye kampuni wauandike kwenye makadirio yao, na wateja waombe kuona zana kabla ya kutia saini.

Mtunza bustani