Lori likikata kona, baiskeli haionekani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ajali za malori na baiskeli, hasa aina moja ambayo kila inapotokea husimuliwa kwa maneno yale yale: dereva hakumwona mwendesha baiskeli. Maneno hayo mara nyingi ni ya kweli, na kwangu mimi huo ndio msiba wenyewe, kwa kuwa tumekubali kuwa na gari zito namna ile ambalo mwenye usukani haoni kilicho ubavuni mwake.

Lori refu linapotaka kuingia kona iliyo upande wa ukingo wa barabara, dereva hulazimika kwanza kulisogeza kuelekea katikati, kwa sababu matairi ya nyuma hayapiti yalipopita ya mbele bali hukata kona kwa ndani. Mwendesha baiskeli anayekuja nyuma huona nafasi imefunguka kando ya lori, akadhani amepishwa, akaingia. Muda mfupi baadaye nafasi hiyo hujifunga, naye huangukia mbele ya matairi ya nyuma. Wakati huo dereva ameketi juu sana, mlango wa upande wa abiria umemziba, na mtu aliye chini ya dirisha lile huenda asionekane kabisa kwenye kioo kikubwa cha pembeni. Hata mbele ya lori, karibu na bampa, mtu anaweza kusimama na baiskeli yake dereva asijue.

Mimi ni mwendesha baiskeli wa kila siku, na siwatetei wenzangu wanaopenya ovyo. Lori likiwa limesimama kwenye taa, mimi hubaki nyuma yake hata kama pembeni njia ni nyeupe. Lakini mara ngapi nimekuwa wa kwanza kufika kwenye taa, kisha lori likaja kusimama sambamba nami! Hapo uangalifu wangu unanisaidia nini?

Ndiyo maana nasema tuanze na lori lenyewe. Jijini London, malori yenye uzito wa zaidi ya tani 12 huhitaji kibali, na hupewa nyota kuanzia 0 hadi 5 kulingana na kiasi ambacho dereva anaona kwa macho yake kupitia madirisha, bila kutegemea vioo wala kamera. Mwaka 2024 kiwango cha chini kilipandishwa kutoka nyota 1 hadi 3, na lori lisilokifikia ni lazima lifungwe kamera, vitambuzi na ngao za ubavuni zinazomzuia mtu asiingie chini ya matairi. Msisitizo huo wa kuona kwa macho ni wa busara, kwani vioo tumeshaviongeza vya kutosha. Dereva anapotazama kimoja, baiskeli imeshahamia kwenye kingine.

Ujerumani nayo, tangu 2020, inamtaka dereva wa lori la zaidi ya tani 3.5 anayekata kulia mjini, ambako kwao ndiko upande wa ukingo, apunguze mwendo hadi ule wa mtu anayetembea, pale ambapo baiskeli au waenda kwa miguu wanaweza kuwapo. Kati ya hatua zote, hii naipenda zaidi, maana haihitaji kununua kifaa chochote. Ufaransa imeamuru malori yabandikwe alama za kuonyesha sehemu asizoziona dereva. Si vibaya, ingawa alama hiyo humwachia mzigo wote yule aliye juu ya baiskeli.

Makutano nayo yatazamwe upya. Mstari wa mbele unaochorewa baiskeli kwenye taa hufaa pale tu unapokuwa mbali kiasi cha dereva kutuona. Ukiwa karibu mno, unatupanga palepale asipopaona. Bora zaidi taa ya baiskeli iwake kijani sekunde chache kabla ya ile ya magari, ili lori linapoanza kujongea sisi tuwe tumekwishavuka.

Kwa wamiliki nina ombi moja. Kabla ya kuagiza lori jipya litakalofanya kazi mjini, waulize kama mlango wa upande wa abiria una dirisha la chini, kisha wakae wenyewe kwenye kiti cha dereva, mtu asimame na baiskeli pale ubavuni, waone kama wanamwona.

Wako,
Mwendesha baiskeli wa kila siku