Barua kwa rafiki: kampuni tano juu ya reli moja

York, Uingereza

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku York. Natumai barua hii itakukuta u mzima, pamoja na jamaa wote wa Morogoro. Sisi huku hatujambo. Ama baada ya salamu, nakuja kwenye swali lako. Uliniuliza ilikuwaje treni za London kwenda Edinburgh zikapita mikononi mwa kampuni tano ndani ya miaka 22, ilhali reli ni ile ile na wahudumu kwa sehemu kubwa ni wale wale. Nakujibu kwa kirefu, kwa sababu wewe ni mtu wa karakana ya reli na najua hutaridhika na maelezo ya juu juu.

Njia hiyo ina urefu wa kilomita 632, kutoka stesheni ya King's Cross ya London hadi Waverley ya Edinburgh, ikipitia Peterborough, Doncaster, hapa York, Durham, Newcastle na Berwick. Shirika la umma la British Rail lilimaliza kuitandazia nyaya za umeme mwaka 1991 na kuiletea treni ziitwazo InterCity 225. Upande mmoja kilikuwepo kichwa cha umeme cha Class 91, katikati mabehewa ya Mark 4, na upande wa pili behewa lenye chumba cha dereva, ili treni irudi ilikotoka bila kugeuzwa. Namba 225 ni kilomita kwa saa, ndio mwendo ambao treni zile ziliundwa kuufikia. Lakini mfumo wa ishara njiani haukuendelezwa kufikia kiwango hicho, na katika safari za kawaida abiria hawajawahi kusafirishwa kwa zaidi ya kilomita 201 kwa saa.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1993 iliyoligawa shirika hilo vipande vipande. Reli, ishara na stesheni zilikwenda kwa kampuni ya Railtrack, vichwa na mabehewa vikawa mali ya kampuni za kukodisha, na kazi ya kubeba abiria ikatolewa kwa zabuni, njia kwa njia. Mshindi wa zabuni alikuwa kama mtu aliyepanga fremu ya duka pamoja na rafu na mizani: kilichokuwa chake ni kibao cha juu ya mlango, wafanyakazi, na ahadi ya kodi aliyompa mwenye nyumba.

Wa kwanza alikuwa GNER (Great North Eastern Railway), kampuni tanzu ya Sea Containers, kampuni ya meli na makontena ya James Sherwood, iliyoanza kazi Aprili 1996. Abiria waliipenda kwa dhati. Treni zilipakwa rangi ya buluu iliyokoza yenye mstari mwekundu, na behewa la chakula lilikuwa na meza zilizotandikwa vitambaa. Hata hivyo ni chini ya jina hilo ndipo ilipotokea ajali ya Hatfield, tarehe 17 Oktoba 2000, na naomba tutulie kidogo hapa kwa kuwa inakuhusu wewe zaidi kuliko yeyote ninayemjua. Treni iliyokuwa ikielekea Leeds iliacha njia kwenye kona, na watu 4 wakafariki. Gurudumu halikuwa na kosa, wala dereva. Reli ilikuwa na nyufa ndogo ndogo kwenye pembe ya sehemu yake ya juu, pale gurudumu linapoegemea wakati wa kukata kona, na treni ilipopita reli hiyo ilikatika vipande vingi mno. Tatizo lilikuwa limekwisha kujulikana. Reli mpya zilikuwa zimeletwa na kulazwa kando ya njia tangu miezi kadhaa nyuma, zikisubiri kufungwa. Baada ya hapo treni nchi nzima zilipunguziwa mwendo kwa miezi mingi huku reli zikikaguliwa, na Oktoba 2001 Railtrack yenyewe ikawekwa chini ya usimamizi wa mufilisi. Mwaka uliofuata Network Rail ilichukua nafasi yake.

Miezi minne tu baada ya Hatfield, tarehe 28 Februari 2001, treni nyingine ya GNER iligonga gari lililotoka barabarani na kuangukia reli huko Great Heck, kisha ikagongana na treni ya makaa ya mawe. Watu 10 walikufa. Kichwa cha Class 91 kilichokuwa katika ajali hizo mbili ni kile kile kimoja, namba 91023. Baadaye kilitengenezwa na kupewa namba nyingine isiyofuata mpangilio wa wenzake. Nikikumbuka ajali hizi mbili, naona wazi jinsi kampuni inavyoweza kubeba jina na lawama kwa jambo ambalo halikuwa chini ya mamlaka yake.

Lakini lililoziangusha kampuni hizi ni zabuni. Mwaka 2005 GNER ilishinda tena kwa kuahidi kuilipa serikali pauni bilioni 1.3 katika miaka 10. Mapato hayakukua kama ilivyotarajiwa, kampuni mama ikaomba kinga ya mufilisi Oktoba 2006, na Desemba 2007 njia ikaenda kwa National Express, ambayo iliahidi pauni bilioni 1.4. Ukaja mtikisiko wa uchumi wa dunia, nayo ikashindwa. Tarehe 13 Novemba 2009 serikali ilichukua treni na kuziendesha yenyewe kwa jina la East Coast, na katika miaka mitano na ushei kampuni hiyo ya umma ililipa Hazina takriban pauni bilioni moja. Pamoja na hayo, Machi 2015 njia ilikabidhiwa tena kwa watu binafsi, Stagecoach wakiwa na asilimia 90 na Virgin asilimia 10, kwa ahadi ya pauni bilioni 3.3 hadi mwaka 2023. Mkataba huo haukufikisha hata nusu ya muda wake. Tangu tarehe 24 Juni 2018 treni ziko tena chini ya serikali, kwa jina lenye kifupi cha kale, LNER (London North Eastern Railway).

Mimi naamini kosa lilikuwa ndani ya zabuni zenyewe. Aliyeshinda ni yule aliyetabiri ongezeko kubwa zaidi la abiria, na treni za ziada za kuwabeba zilitegemea njia isiyo yake. Mfano mzuri ni Welwyn, kaskazini ya London kidogo. Njia nne zinabanwa kuwa mbili, zinavuka daraja refu la matao 40 lililofunguliwa mwaka 1850, kisha zinaingia mahandaki mawili. Na katikati ya msongamano huo kuna stesheni ndogo ambako treni ya vijijini husimama juu ya reli ile ile inayosubiriwa na treni ya Edinburgh nyuma yake. Hakuna mkataba unaoweza kupanua daraja lile kwa maneno.

Huduma ya sasa ni nzuri, nami nasema hivyo kama msafiri. Kuanzia Mei 2019 zimeingia treni mpya 65 ziitwazo Azuma, kutoka Hitachi. Treni 23 kati ya hizo zina injini za dizeli chini ya sakafu ili ziendelee hadi Aberdeen na Inverness, ambako nyaya hazifiki. Juu ya kila kiti kuna taa ndogo: kijani ikiwa kiti kiko wazi, nyekundu ikiwa kimeshikwa, na manjano ikiwa kimeshikwa kwa sehemu ya safari. Ninalolipinga ni jaribio lililoanza mwaka 2024, la kuondoa katika baadhi ya safari tiketi ya nafuu iliyomruhusu mtu kupanda treni yoyote nje ya saa za msongamano. Anayepanga mapema hapati shida. Lakini msiba haupangiwi tarehe, na aliyefiwa hana wiki tatu za kutafuta bei.

Tangu sheria ya mwaka 2024, kampuni nyingine nazo zinarudishwa serikalini mikataba yao inapokwisha, kuanzia South Western Railway Mei 2025. Ndiyo maana nina hamu ya kukusikia. Wewe ulikuwepo mwaka 2007, kampuni ya RITES ya India ilipokabidhiwa treni zetu za Reli ya Kati huku RAHCO, kampuni ya umma ya mali za reli, ikibaki na umiliki wa njia. Niandikie kwa undani: taruma (gogo linaloshikilia reli) lilipooza au reli ilipochoka, ninyi wa karakana mliambiwa ni nani wa kuibadilisha, na fedha zake zilitoka wapi?

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.