Shoga yangu, toa maua juu ya maikrowevu

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mama Nasra, shoga yangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara zote nimecheka peke yangu. Yaani kijana katuma maikrowevu kutoka Muscat, imefika salama Tanga, nawe umeifunika kitambaa cha kufuma na kuweka maua juu! Toa maua. Kitambaa nacho toa, kinaziba matundu, na ile kitu inahema. Iache nafasi ya kiganja nyuma na pembeni. Plagi isikusumbue, ya Oman ni ya meno matatu kama zetu.

Huyo jirani anayesema chakula cha maikrowevu kinabaki na mionzi, usimsikilize. Yale mawimbi ni jamaa moja na ya redio. Mlango ukifunguka yanakatika papo hapo, kama taa ukiizima. Kazi yake ni kuyatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula mpaka yashike moto. Vituko vyake vyote vinaanzia hapo kwenye maji.

Mimi nilifundishwa na yai. Lilikuwa la kuchemsha, la jana yake, nimeshalimenya. Nikaliweka dakika moja. Limetulia, zuri, jeupe. Nalitoa, kisu kinaligusa tu, pwaa! Kiini kilinikaa kwenye nyusi, na kipande kingine nilikikuta wiki ya pili juu ya kabati. Kumbe mvuke ulikuwa umefungiwa mle ndani unangoja mlango. Tangu siku ile yai nalipasha nje ya maikrowevu, kwenye bakuli la maji ya moto, na kiazi au soseji natoboa kwa uma kabla.

Sasa pilau. Mawimbi hayazami sana, sentimita mbili tatu hivi, wala hayagawi moto sawasawa. Ukirundika mlima, pembeni itakuunguza ulimi na katikati utakuta baridi ya friji. Itandaze, acha kishimo katikati, nyunyiza maji kijiko kimoja, funika. Dakika moja na nusu, toa, geuza, rudisha. Ikilia usiivamie, iache dakika moja au mbili, joto bado linatembea. Ila pilau iliyolala nje usiku kucha kwenye sufuria, hiyo mwaga. Kuna bakteria wa wali wanaoacha sumu, na sumu ile haiondoki kwa kupashwa.

Chapati ifunge kwenye kitambaa safi cha pamba chenye unyevu, sekunde 20 basi. Ukizidisha itatoka laini, ukigeuka kumwaga chai unakuta ngozi ya ngoma. Maharage ya nazi yanarukaruka mpaka darini, kwa hiyo punguza nguvu iwe nusu. Utaisikia inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Si mbovu, ndivyo inavyopunguza.

Vile vikombe vyako vya harusi vyenye mstari wa dhahabu visikaribie! Ule mstari ni madini, utaona cheche kama za fundi wa kuchomea. Foili hivyo hivyo. Makopo ya majarini nayo yanalegea na kuchuja mambo yake kwenye chakula. Tumia bakuli la kioo au udongo.

Maziwa ya mjukuu usiyapashe humo. Chupa utaishika vuguvugu, kumbe katikati yake yanaunguza. Tia chupa kwenye jagi la maji ya moto kama tulivyolea wetu. Na maji ya chai yasikudanganye kwa utulivu. Yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila hata povu, ukidumbukiza majani tu yanafoka mpaka mkononi. Weka kijiko cha mbao ndani ya kikombe kabla ya kuwasha.

Umeme je? Ile wati 700 iliyoandikwa mbele ni nguvu inayoingia kwenye chakula. Kwenye luku, mita yako ya umeme, inavuta zaidi, kama 1,100 hivi. Usiichomeke soketi moja na friji, na umeme ukikatika chomoa, usingoje urudi kwa kishindo. Usiiwashe tupu. Mlango ukilegea, acha kuitumia. Na fundi wa mtaani anayetengeneza pasi asiifungue, maana ndani kuna kifaa kinachotunza umeme mkali hata baada ya kuchomoa.

Ikinuka samaki, bakuli la maji na ndimu iliyokatwa, dakika tano, kisha futa. Mafuta yote yanatoka na kitambaa.

Nitakuja baada ya Idi. Kule Kariakoo nimeona mifuniko yake ya plastiki yenye matundu, nakuletea mmoja. Wewe niwekee chapati, za kukaanga jikoni lakini!

Wako,
Mama Idi