Familia za wanajeshi: unga peke yake hautoshi

Mhariri,

Mtaani kwetu Likoni, kwa sababu ya kambi ya wanamaji ya Mtongwe, si shida kumpata mzee aliyewahi kuvaa sare au mama aliyefiwa na mumewe kazini. Tangu majeshi yetu yaingie Somalia Oktoba 2011, na hasa baada ya msiba wa Januari 2016, al-Shabaab walipoishambulia kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, Somalia, nimeshiriki mara kadhaa katika michango ya kuzisaidia familia hizo. Tunanunua unga, mchele na mafuta, tunapiga picha, tunaondoka. Siudharau msaada huo, maana shukrani haziinjikwi jikoni.

Hata hivyo, nilipomsindikiza jirani yangu mjane kufuatilia haki za marehemu, niligundua kwamba kilichomkwamisha hakikuwa chakula bali karatasi. Alitakiwa kuwa na barua ya chifu, cheti cha kifo, cheti cha ndoa na hati ya Mahakama ya Kadhi inayowataja warithi, na ofisi moja ilimrudisha mara tatu kwa kuwa jina lake kwenye kitambulisho lilitofautiana kwa herufi moja tu na lile la cheti cha ndoa. Kivuko cha Likoni hakimtozi nauli aendaye kwa miguu, lakini matatu hutoza, na kila siku aliyoshinda kwenye foleni ni siku ambayo hakukaanga mahamri ya kuuza. Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022 inawatambua wategemezi pia, ila sheria haimfuati mtu nyumbani kumjazia fomu.

Kwa hiyo nawaomba wahisani, kamati za misikiti na makanisa, pamoja na DEFOCA, chama cha wanajeshi wastaafu, watenge sehemu ya michango yao iwalipie wajane nauli, ada za hati za kiapo za kuthibitisha majina, na wakili au karani wa kuwasikiliza angalau siku moja kwa wiki. Gharama yake huenda isizidi ile ya magunia tunayogawa, ingawa nakiri kwamba fomu iliyojazwa vizuri haipendezi kwenye picha.

Mimi mwenyewe nilikuwa karani kabla ya kustaafu. Msikiti au kanisa lolote la Likoni litakalotoa meza na viti viwili, nitakuja kila Jumamosi alasiri kuwaandikia wajane barua na kuwajazia fomu bila malipo.

Karani Mstaafu,
Likoni, Mombasa