Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa halmashauri: njia ya kitimwendo ipimwe kabla ya kulipiwa

Ndugu Wakurugenzi,

Mwaka 1982 Bunge letu la Tanzania lilitunga sheria mbili kuhusu watu wenye ulemavu, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Hiyo ya pili ilimchukulia mtu mwenye ulemavu kuwa mzigo wa ndugu zake. Sera ya 2004, kuridhiwa kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 vikaigeuza fikra hiyo: kuingia katika jengo la umma ni haki. Tunawaandikia kwa sababu haki hiyo inakwamia kwenye zege.

Zahanati yenye ngazi 3 za sentimita 15 imeinuka sentimita 45. Kwa mteremko wa 1 kwa 12, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kuinuka, njia yake inatakiwa mita 5.4. Fundi hupewa nafasi ya mita 1.5, akabana zege humo humo. Mwenye kitimwendo hapandi hapo bila kusukumwa, na akishuka peke yake anaweza kupinduka. Nafasi ikiwa finyu, njia ikunjwe kuzunguka kona, na konani pawe na sehemu bapa ya mita 1.5 ya kugeuzia. Mbele ya mlango vilevile, la sivyo kiti kinarudi nyuma mtu akivuta kitasa. Upana uwe mita 1.2, pembeni pawe na ukingo unaozuia gurudumu kudondoka na vyuma vya kushikia pande zote. Uso upigwe ufagio zege likiwa bichi. Vigae vinavyong'aa huteleza vikilowa, na wa kwanza kuanguka ni anayetembelea magongo.

Chooni ndiko tunakoumia zaidi. Mlango ufunguke kwa nje na uache uwazi wa sentimita 90, ndani pabaki mita 1.5 kwa 1.5 za kugeuza kiti. Na choo kikishajengwa vizuri, tafadhali kisifanywe stoo ya ndoo na mifagio.

Viziwi na wasioona wana madai yao, nayo mazito. Hapa tumeshika zege kwa sababu likishakauka, kulibomoa ni bajeti nyingine.

Vipimo hivi viandikwe kwenye michoro na mchanganuo wa gharama tangu mwanzo, hasa katika miradi ya fosi akaunti, inayosimamiwa na halmashauri yenyewe bila mkandarasi, ambako fundi huelekezwa kwa mdomo. Kabla ya malipo ya mwisho, mhandisi apite na futikamba, na mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu anayetumia kitimwendo aingie kutoka barabarani hadi chooni bila kusukumwa. Akikwama, fundi arudi kazini.