Kibali cha godauni kikikataliwa, majirani nao waambiwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni na nikilisema hapa mtaani naambiwa ati mimi nina wivu na ploti ya mtu.

Mimi naishi Mikindani, Mombasa, nauza mahamri na viazi karai hapo mbele ya nyumba. Ng'ambo ya barabara palikuwa na ploti ya vichaka na mwarobaini mmoja mkubwa, watoto wakicheza mpira hapo. Siku moja tukaamka tukakuta pamezungushwa mabati. Wiki iliyofuata kokoto, halafu vyuma, wengine wakasema ni kanisa, wengine shule, mzee mmoja akaapa ni hospitali na tukafurahi kweli. Hakuna aliyetuambia kitu. Mimi nikaanza kutafuta lile bango ambalo najua lazima liwekwe mtu akitaka kujenga, nikalikosa, mpaka siku geti liliachwa wazi lori ikitoka ndipo nikaliona, limefungwa na waya kwenye mwarobaini upande wa NDANI, karatasi tu imetiwa kwenye nailoni na maji ya mvua yashaingia wino umetambaa. Na yote kwa Kizungu. Nilimwita mwanangu wa sekondari atoke mbio aje anisomee kabla geti halijafungwa, akasema mama, hawa wanataka kubadilisha matumizi ya ploti kutoka makazi iwe bohari na yadi ya makontena, na mwenye pingamizi alete kabla ya tarehe fulani. Hiyo tarehe ilikuwa imepita siku tisa.

Nikafunga duka nikaenda ofisi moja, sitaitaja. Kijana wa pale alikuwa na adabu zake sisemi uongo, akanipa kiti, akaniuliza, "Mama, wewe ni nani kwa hii ploti?" Nikamwambia mimi ni jirani. Akasema basi faili ni ya mwenye ploti na ofisi. Nikarudi.

Sasa hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Miezi miwili baadaye fundi mmoja alikuja kula viazi kwangu, akapiga stori, akasema haya maombi mara ya kwanza yalirudishwa sababu barabara ni nyembamba kwa trela za futi 40. Barabara yetu hii, tuktuk mbili zikikutana moja yapanda kwa mtaro! Kwa hivyo ofisi iliona, fundi alijua, hata muuza kokoto alijua kwamba kuna mtu alikataa, sisi tunaolala mita kumi kutoka hapo ndio hatukujua. Na ujenzi haukusimama hata siku moja. Saa nane usiku twasikia tiit tiit tiit trela inarudi nyuma, ukuta wangu wa choo umepasuka.

Mhariri, watu walisahau haraka yale ya mtaa wa Mradi, Embakasi kule Nairobi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka, moto ukaruka mpaka kwa nyumba za watu na godauni la nguo, watu wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Asubuhi yake ndipo EPRA, ile mamlaka ya nishati na mafuta, ikasema kumbe maombi ya kujenga mtambo wa gesi pale iliyakataa mara tatu mwaka 2023, Machi, Juni na Julai, na sababu kubwa ni kwamba nyumba zimesongamana sana. Mara tatu! Wakati huo huo NEMA, ile mamlaka ya mazingira, ilikuwa imeshatoa leseni yake kwa mahali hapo hapo, na maofisa wake wakasimamishwa kazi baada ya watu kuungua. Mimi najiuliza, ile karatasi ya kukataa ya mara ya kwanza ingebandikwa pale getini na nakala kwa chifu, wapangaji wa pale si wangepiga kelele mapema? Wengine wangehama. Angalau wangejua wanalala kando ya nini.

Na sisi hapa Mikindani ndio hatuhitaji kabisa kuhadithiwa hatari hizi maana Owino Uhuru iko papa hapa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kikawekwa ubavuni mwa kijiji, madini ya risasi yakaingia kwa damu za watoto, kikafungwa 2014 watu washaumia. Korti ikaamua 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ikashuka mpaka Mahakama ya Juu ikarudisha uamuzi huo Desemba 2024. Hesabu hiyo miaka, mtoto aliyekuwa wa kubebwa mgongoni leo ana ndevu.

Tusielewane vibaya, mimi sipingi magodauni. Mume wangu ni kuli, unga wa nyumba hii umetoka godauni zaidi ya miaka kumi na tano, na mji wa bandari utaweka mizigo wapi kama si kwa mabohari. Na najua wenye mali nao wanazungushwa, mara kaunti, mara NEMA, mara NCA ile ya ujenzi, kila meza na risiti yake. Lakini hata hapo sheria imewafikiria, ile ya mipango ya ardhi ya 2019 inasema ofisi ikikaa siku 60 bila kujibu kwa maandishi basi inahesabika kibali kimetoka. Hiyo ni ya mwombaji. Jirani naye ameandikiwa kwamba umma utangaziwe, alete pingamizi, na asiporidhika na uamuzi akate rufaa kwa ile kamati ya kaunti ndani ya siku 14. Siku 14 nizihesabu kutoka wapi na huo uamuzi sijauona?

Ninachoomba ni kidogo, hata bajeti haihitaji. Bango liwe kwa Kiswahili, liangalie barabarani, lisomwe kwa baraza ya chifu. Na ofisi ikikataa ombi, wino huo huo wa kukataa ubandikwe juu ya bango lile lile, IMEKATALIWA, na sababu yake chini, hata kama ni mstari mmoja, ili kokoto ikiendelea kumwagwa kesho yake kila mpita njia ajue kuna kitu hapo. Anayejenga bila kibali sheria imemwekea faini hadi nusu milioni au jela miezi miwili, lakini nani atamripoti kama hatujui alikataliwa?

Na wewe mwenye ploti kama wasoma gazeti hili, bango lako liling'oka na upepo wa juzi likapeperuka mpaka kwangu. Nimeliweka nyuma ya jiko la mahamri, uje ulichukue, tena uje mchana.

Jirani wa ng'ambo ya barabara,
Mikindani, Mombasa